Kutambua Maua Yachelewayo ya Milima ya Mbeya

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza yapata mwezi Novemba na kukoma yapata mwezi Mei. Maua mengi ya mbuga za milimani, zikiwamo okidi mashuhuri za Kitulo, huchanua mvua zingali zikinyesha. Mwalimu wa Iyunga awapelekaye wanafunzi kwenye miteremko ya Mlima Mbeya baada ya hapo huenda akadhani kwamba amechelewa. Sivyo. Kati ya nyasi zianzazo kukauka husalia maua madogo ya familia ya Gentianaceae.

Familia hiyo imepewa jina la jenasi Gentiana, ambayo maua yake ya buluu hupamba milima ya Ulaya na Asia. Jenasi yenyewe haioti katika milima ya Tanzania. Huku hupatikana jamaa zake, kama vile Swertia, Sebaea na Chironia. Kwa hiyo, atafutaye ua la buluu kama lile la vitabu vya Ulaya atawapita jamaa hao bila kuwatambua. Kinachotambulisha familia ni muundo wa mmea, wala si rangi.

Majani hukaa mawili mawili, yakielekeana, na kingo zake hazina meno. Petali zimeungana kwenye tako, na katika chipukizi la ua huwa zimesokotana. Idadi ya stameni ni sawa na ile ya petali. Mbuni nao una majani yaelekeanayo na petali zisokotanazo, lakini haumo katika familia hii: kati ya majani yake mna vijani vidogo vya pembeni, na ovari yake iko chini ya petali. Katika Gentianaceae vijani hivyo havimo, na ovari iko juu.

Jenasi hutofautishwa kwa kutazama ndani ya ua. Ua la Swertia limefunguka mfano wa nyota, na kwenye tako la kila petali mna kishimo kimoja au viwili vya nekta, mara nyingi vyenye vinyweleo. Lenzi ya mkono yatosha kuvionyesha. Sebaea mara nyingi ni ya njano, na petali zake huanzia katika mrija mwembamba. Chironia ina rangi ya waridi na hupenda mahali penye unyevu. Vifuko vyake vya chavua mara nyingi hujisokota. Mimea mingi ya familia hii ni michungu, lakini kuonja si njia ya kutambua mmea, kwani mingine ya porini ina sumu.

Yafaa pia kuacha kung'oa. Baadhi ya Swertia huishi msimu mmoja tu, na tumaini lao lote ni mbegu. Moto wa kiangazi ukipita kabla tunda halijapasuka, mbegu za mwaka huo huteketea. Shule inayoandika kila mwaka tarehe ya ua la kwanza, ya tunda kupasuka na ya moto kuanza, itakuwa na kumbukumbu ya kuonyesha kama mimea hii ingali inapata muda wa kuzaa.