Utii na Uchaji wa Mungu (3): Milio ya Kondoo Gilgali

Wiki iliyopita tulimwacha Samweli akiwa mtoto, amelala hekaluni Shilo, sauti ikimwita usiku naye akimkimbilia mzee Eli mara tatu akidhani ndiye aliyemwita. Leo tunamkuta ana mvi. Amekesha akimlilia Mungu, na alfajiri ameondoka kwenda kukutana na mfalme Sauli. Habari hii imo katika sura ya 15 ya kitabu cha Samweli wa Kwanza. Kwa maoni yangu, hakuna sura nyingine ya Agano la Kale inayochimba suala la utii kwa kina kama hii.

Sauli ametoka kupigana na Waamaleki. Aliagizwa asibakize kitu. (Agizo lenyewe ni zito, na limewasumbua Wakristo tangu zama za mababa wa Kanisa, nitalitengea makala yake. Kwa sasa niseme hili tu: hakuna mtu wa leo aliyepewa ruhusa ya kulishika ili kuhalalisha umwagaji damu.) Njiani amepita Karmeli akajisimamishia mnara wa ukumbusho, kisha akateremka Gilgali. Anamlaki nabii kwa baraka na kumwambia kwamba agizo la Bwana amelitimiza. Samweli habishani naye. Anamwuliza tu kuhusu kondoo na ng'ombe anaowasikia wakilia.

Katika Kiebrania swali hilo linachoma zaidi. Neno *qol* maana yake ni sauti, nalo linarudi tena na tena katika sura hii: sauti ya Bwana ambayo Sauli alitakiwa kuisikia, sauti ya mifugo ambayo hakutakiwa kuwa nayo, na mwishoni sauti ya watu. Kitenzi *shama*, kusikia, ndicho hicho hicho kinachobeba maana ya kutii. Wagiriki nao walijenga neno lao la utii, *hypakoe*, juu ya kitenzi cha kusikia. Kwetu haya si mageni. Neno utii tumelipata kwa Waarabu, lakini mama akisema "mtoto huyu hasikii," hakuna anayempeleka mtoto kwa daktari wa masikio. Na tunaposema sikio la kufa halisikii dawa, tunajua ugonjwa huo uko wapi.

Tazama sasa utetezi wa Sauli. Msimuliaji ametuambia wazi kwamba Sauli pamoja na watu wake walimhurumia mfalme Agagi na mifugo iliyonona, wakateketeza vilivyo dhaifu. Sauli anapoulizwa, anajitoa: ni watu waliofanya hivyo. Tena anaongeza kwamba wanyama wale wametengwa kwa ajili ya dhabihu. Jibu la Samweli ndilo kiini cha sura nzima: Mungu hupendezwa na kusikiwa kuliko kuletewa mafuta ya kondoo dume. Sadaka kubwa haiwezi kununua agizo lililoachwa. Naandika haya nikijua kwamba makanisani mwetu tunamtambua haraka mtoaji mkubwa kuliko mtu anayerudisha mali asiyostahili kuwa nayo.

Hatimaye Sauli anakiri. Aliwaogopa watu, ndiyo maana akaisikiliza sauti yao. Hapa uchaji na utii vinakutana. Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja, *yare*, kwa kumwogopa mwanadamu na kwa kumcha Mungu. Wafasiri wetu walipata bahati ya kuwa na maneno mawili: tunawaogopa watu, tunamcha Mungu. Kitenzi hicho kifupi cha Kibantu, -cha, kimebeba hofu, heshima na mapenzi kwa pamoja. Lakini bahati hiyo inaweza kutuficha jambo ambalo Sauli alilisema bila kujua uzito wake: moyo humsikia yule unayemwogopa zaidi.

Ndiyo sababu utii wa Kikristo hauwezi kuwa kufumba macho mbele ya kila anayesema ametumwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto wengi, baada ya waumini kuaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Siwezi kuandika juu ya utii nikapita kando ya makaburi yale. Sauti ya mwanadamu ilikuwa imekalishwa katika kiti cha Mungu.

Linganisha hayo na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Alimtumikia Kabaka kwa uaminifu. Askofu James Hannington alipouawa Busoga, Oktoba 1885, Mukasa alimkemea bwana wake kwa damu ile, na aliendelea kuwakinga vijana wa jumba wasitumiwe vibaya. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Yeye na wenzake 21 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Mukasa hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu moja kubwa kuliko ile ya Kabaka, na hofu hiyo ilimtuma kuwakinga wanyonge, si kuwaangamiza.

Turudi Gilgali. Mara tatu katika mazungumzo yale Sauli, akizungumza na Samweli, anamtaja Bwana kuwa "Mungu wako." Hasemi wangu. Mara ya tatu ni baada ya kukiri dhambi, vazi la nabii likiwa limekwisha kupasuka mkononi mwake: anamsihi Samweli arudi naye ili apate heshima mbele ya wazee. Samweli akarudi naye, Sauli akasujudu wazee wakiona. Kisha wakaagana, Samweli akaenda Rama, Sauli akapanda kwake Gibea, na Samweli hakumwendea tena hadi siku ya kufa kwake.