DAWA YA HUZUNI IKISHINDWA, SI KWISHA



Hapa kwetu Kibati watu wameona mengi: moto wa Nyiragongo katika 2002 na 2021, na kambi za wakimbizi katika 2008. Wengine wanabaki na huzuni isiyoisha, ile munganga anaita depresyo. Mugonjwa halali vizuri, chakula hakina ladha, anajiona hafai kitu. Si uvivu, wala si laana.

Wengi wanapona kwa dawa. Lakini kuko wale ambao dawa mbili zinapita na huzuni inabaki pale pale. Jamaa inasema: "Basi, ni kwisha." Tueleze kwa nini si kwisha.

Kwanza, tujiulize: dawa imeshindwa kweli? Vidonge hivi vinaomba majuma 4 mpaka 6. Anayeacha kisha majuma 2 juu ya kukosa franka hajavijaribu bado. Pombe nayo inaharibu kazi yake.

Pili, munganga anaweza kubadili dawa, ama kuongeza ingine juu yake, kama litiamu, ambayo inaomba kupima damu.

Tatu, kuko mazungumzo yenye mpango. Kule Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wagonjwa walikutana kwa vikundi kila juma, majuma 16, wakiongozwa na watu wa hapo hapo wasio waganga. Matokeo yalitangazwa 2003: walipata nafuu kupita wale wasiokuwa na kikundi. Hawakuchaguliwa kwa sababu dawa iliwashinda, lakini tunaona kuongea nako ni matunzo.

Nne, njia mpya. Ketamini tunaijua kama dawa ya kulaza mugonjwa wa kupasuliwa. Katika 2000 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba kipimo kidogo kinaweza kupunguza depresyo kwa siku chache tu. Katika 2019 Marekani ilikubali ndugu yake, esketamini, ya kupuliza ndani ya pua. Lakini inapandisha damu na kupoteza akili kidogo, kwa hiyo mugonjwa anachungwa masaa 2. Si ya kununua njiani! Kuko tena mashini ya sumaku juu ya kichwa, iliyokubaliwa kule 2008. Na umeme, ulioanza Italia 1938, ungali na nguvu sana. Leo mugonjwa analazwa kwanza, ijapokuwa unaweza kusumbua kumbukumbu.

Njia hizi mpya zinaomba vyombo na feza. Lakini mulango uko: kituo cha afya, kisha Goma kwenye Tulizo Letu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Bafurere wa Karita. Maombi yanatia nguvu. Yasitumiwe kukataza vidonge.

Na mwenzetu akisema amechoka kuishi, tusimwache peke yake. Tumwambie mwalimu ama mzazi siku ile ile. Hiyo si kusengenya, ni kuokoa.

Kwa jina la wasimamizi wa wanafunzi,
Mwaka wa 6