Ukame na nasaba huamua siku ya mimea kuchanua

MKULIMA wa kahawa wa Kiambu au Nyeri huijua vyema siku ile shamba linapogeuka jeupe. Kiangazi huwa kimedumu majuma kadhaa, matumba yamelala kwenye vitawi kana kwamba yamekufa, kisha mvua hunyesha na baada ya takriban siku kumi maua hufunguka kwa pamoja. Wengi hudhani kwamba mvua pekee ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ukweli ni kwamba ukame uliotangulia ndio uliyaandaa matumba. Pasipo kiangazi cha kutosha, maua hutoka kidogo kidogo na wavunaji hulazimika kurudi kwenye miti ile ile mara nyingi.

Hata hivyo, si mimea yote inayoupokea ukame kwa namna hiyo. Mwamba-ngoma huchanua maua yake mekundu wakati wa kiangazi, mara nyingi bila jani hata moja. Magugu mengi ya msimu mmoja nayo hukimbilia kuchanua na kuacha mbegu kabla udongo haujakauka kabisa. Hivyo basi, ukame ule ule huiharakisha mimea hii na kuichelewesha ile.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na nasaba. Mimea iliyochipuka kutoka kwa mzazi mmoja wa kale hurithi umbo la ua, na hurithi pia namna ya kupima urefu wa mchana, joto na unyevu. Ndiyo sababu mimea ya ukoo mmoja huelekea kuchanua nyakati zinazokaribiana.

Urithi huo waweza kuwa mzigo. Katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwandishi Henry David Thoreau aliandika tarehe za maua kuchanua katika miaka ya 1850. Watafiti walilinganisha kumbukumbu zake na hali ya miaka ya karibuni, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba mimea haikupungua ovyo, bali ilipungua kwa koo. Zile zilizoshindwa kusogeza tarehe zao kadiri joto lilivyopanda, okidi na jamii ya waridi zikiwemo, ndizo zilizoathirika zaidi. Huko kichocheo kilikuwa joto wala si ukame, lakini ugumu wa kubadilika ulifuata damu.

Mimea ndugu inapochanua pamoja hugombea nyuki, na chavua ya mmoja hupotea kwenye ua la mwingine. Suluhisho la ajabu liligunduliwa katika miaka ya 1990 huko Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania, eneo linalopakana na Tsavo. Katika nchi kame kama hiyo, mvua ndiyo hufungua msimu, na si rahisi kila aina kujitengea mwezi wake. Migunga ya aina mbalimbali imegawana saa za mchana: mmoja hutoa chavua asubuhi, mwingine adhuhuri, mwingine alasiri. Nyuki huhama kutoka aina moja hadi nyingine siku hiyo hiyo.

Je, ukame waweza kuubadilisha urithi wenyewe? Jibu lilitoka California, ambako haradali ya mwituni, jamaa wa karibu wa sukuma wiki, ilikumbwa na ukame kati ya 2000 na 2004. Steven Franks na wenzake walipanda pamoja mbegu zilizokusanywa 1997 na zile za 2004. Vizazi vya baada ya ukame vilichanua mapema kuliko mababu zao, kwa siku 1.9 katika eneo moja na siku 8.6 katika jingine. Miche iliyochelewa ilikuwa imekufa bila mbegu. Mti unaoishi miaka mingi kabla ya kurithiwa hauwezi kubadilika upesi hivyo.

Wakulima wa Ukambani wamekuwa wakiitumia kanuni hii. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa Machakos katika miaka ya 1960, huchanua mapema ili kuukwepa ukame, wala si kuustahimili. Jua kali likiyakuta yakichanua, mbelewele humwaga chavua kabla nywele za gunzi hazijatokeza, na mkulima huvuna magunzi yenye punje za kuhesabika.