Besiboli: Kwa nini matokeo ya kambi za machipuko huwadanganya mashabiki

Kila mwaka katikati ya Februari, wakati baridi ingali kali kaskazini mwa Marekani, timu zote 30 za Ligi Kuu ya Besiboli huhamia kwenye joto. Kumi na tano hupiga kambi katika jimbo la Florida, na 15 nyingine Arizona. Kwa takriban wiki sita, timu hizo hucheza mechi za kirafiki ambazo matokeo yake hayaingii katika msimamo wa ligi. Hata hivyo, mashabiki huzifuatilia kwa makini, na kwa wachezaji wengi huo ndio muda mgumu kuliko wote katika mwaka.

Sababu ni mkate wa kila siku. Mwaka 2025, mshahara wa chini kabisa katika Ligi Kuu ulikuwa dola 760,000. Katika ligi ya Triple-A, iliyo ngazi moja tu chini yake, makubaliano yaliyofikiwa mwaka 2023 yaliweka kima cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka. Mstari unaotenganisha maisha hayo mawili huchorwa katika siku za mwisho za Machi.

Nafasi ni chache

Siku ya ufunguzi wa msimu, kila timu huruhusiwa kuwa na wachezaji 26, na kati yao warushaji wa mpira hawapaswi kuzidi 13. Kwa kawaida watano huwa ni wa kuanzisha mechi, kila mmoja akicheza baada ya siku kadhaa za kupumzika, na wanane waliosalia huingia baadaye kuwapokea. Nyuma ya kikosi hicho kuna orodha pana zaidi ya wachezaji 40 ambao timu inawamiliki kwa mikataba ya ngazi ya juu. Wengine hualikwa kambini bila kuwamo katika orodha hiyo, wakijua kwamba ili waingizwe ni lazima mwingine aondolewe.

Hapo ndipo mgeni wa mchezo huu hukosea. Hudhani kwamba aliyefanya vizuri kambini ndiye atakayechaguliwa, ilhali kanuni nazo zina sauti. Mchezaji kijana huweza kuteremshwa ligi za chini na kupandishwa tena kwa kipindi cha misimu mitatu bila timu kumpoteza. Aliyekwisha kutumia misimu hiyo hawezi kuteremshwa kabla ya timu nyingine kupewa fursa ya kumchukua. Kwa hiyo, baina ya warushaji wawili wanaolingana, mara nyingi hubaki yule ambaye timu inahofia kumpoteza, na kijana mwenye kipaji hufungasha mizigo.

Takwimu zinazopotosha

Mfano unaokumbukwa sana ni wa Mjapani Shohei Ohtani. Alipowasili katika kambi ya Los Angeles Angels mwaka 2018, akiwa mrushaji na mpigaji kwa pamoja, mambo yalimwendea kombo. Wastani wa alama alizoruhusu ulikuwa 27.00 kwa kila iningi tisa, yaani kwa urefu wa mechi moja kamili, na alipopiga alifanikiwa mara nne tu kati ya 32. Baadhi ya wachambuzi walisema angepaswa kuanzia ligi za chini. Angels walimbakiza. Msimu ulipoanza, wastani wake kama mrushaji ulikuwa 3.31, akavusha mpira nje ya uwanja mara 22, na mwishoni akatangazwa mchezaji bora chipukizi wa kanda ya American League.

Kinyume chake ni Jake Fox wa Baltimore Orioles. Mwaka 2011 alivusha mpira nje ya uwanja mara 10 katika mechi za kambi, lakini hakudumu katika kikosi kikuu msimu huo.

Tofauti hizi zina maelezo. Kwanza, mechi ni chache mno: mrushaji aliyecheza iningi tatu au nne huweza kuharibiwa hesabu zote na mpigo mmoja. Pili, wapinzani hawalingani. Mwanzoni mwa mechi husimama nyota wa timu, lakini kufikia iningi ya saba uwanja hujaa vijana wa ligi za chini. Tatu, mrushaji mwenye uzoefu mara nyingi hayuko hapo kutafuta ushindi. Huenda anajaribu aina mpya ya mpira, akaurudia mara nyingi hata pale ambapo busara ya mechi ingemkataza. Aidha, hewa kavu ya Arizona huufanya mpira uruke mbali zaidi na kupinda kidogo kuliko anavyotaka mrushaji.

Mambo ya kutazama

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Yako mambo yanayoaminika zaidi kuliko idadi ya alama.

La kwanza ni kasi. Hii haitegemei ubora wa mpigaji wala bahati. Mrushaji huanza taratibu mwezi Februari, kisha kasi hupanda wiki hadi wiki. Ikiwa mwishoni mwa Machi ingali chini ya ile ya mwaka uliotangulia kwa maili mbili kwa saa au zaidi, benchi la ufundi huanza kuingiwa na wasiwasi.

La pili ni usahihi: ni wapigaji wangapi amewatoa kwa kuwakosesha mpira, na ni wangapi amewaachia nafasi ya bure kwa kurusha mipira minne mibaya. Uwiano huo husema mengi hata katika mechi chache.

La tatu ni afya. Mrushaji wa kuanzisha mechi hupaswa kuongeza mzigo hatua kwa hatua, kutoka iningi moja au mbili hadi tano au sita. Anayerukishwa zamu yake bila maelezo hutia shaka, kwa sababu jeraha la kano ya kiwiko huwatesa sana watu wa kazi hii. Upasuaji wa kuitibu, uliofanywa kwa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, humweka mrushaji nje kwa mwaka mzima au zaidi. Ohtani mwenyewe alifanyiwa upasuaji huo baada ya msimu wake wa kwanza.

La nne ni akiba. Msimu una mechi 162, na ni nadra mno timu kuumaliza kwa warushaji watano wale wale. Anayetaka kujua mustakabali wa timu na aulize ni nani wa sita, wa saba na wa nane. Mwaka 2024, Pittsburgh Pirates walimteremsha Paul Skenes, aliyekuwa chaguo la kwanza la vijana wote mwaka uliotangulia, ili aongezewe mzigo polepole. Aliitwa Mei 11, akamaliza msimu na wastani wa 1.96 na tuzo ya chipukizi bora wa National League.

Macho ya Uganda

Suala hili halipo mbali na ukanda wetu. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi waliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya Little League mjini Williamsport, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika huko. Tangu hapo, vijana kadhaa wa Uganda wamesaini mikataba na timu za Marekani, akiwemo mrushaji David Matoma, anayesifika kwa kasi yake, katika mfumo wa Pirates.

Timu hiyo hiyo ndiyo iliyompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza kutoka barani Afrika kufika Ligi Kuu. Alisaini mwaka 2008, na akasubiri hadi Aprili 2017. Kati ya tarehe hizo mbili zilipita kambi nyingi za machipuko, na hakuna hata moja iliyotosha peke yake kueleza angefika wapi.