Hatari huanzia kwenye msasa

Kwa miaka mingi rangi za mafuta, zile zinazopakwa milango, fremu, mageti na grili za madirisha, zilitiwa madini ya risasi. Kromati ya risasi ndiyo iliyotoa ule unjano mkali na wekundu usiopauka upesi juani. Risasi ya aina nyingine ilikausha rangi haraka au kuzuia kutu kwenye chuma. Marekani ilipiga marufuku risasi kwenye rangi za majumbani mwaka 1978. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni, ambacho ndicho kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Lakini sheria huishia kwenye kopo jipya la dukani. Mlango uliopakwa rangi hizo zamani bado una risasi yake, hata ukipigwa mikono mitatu ya rangi mpya.

Rangi iliyoshika vizuri haina neno sana. Balaa huja inapobambuka, na zaidi siku fundi anapoitwa kupendezesha nyumba kwa ajili ya sikukuu. Kabla ya brashi hutangulia msasa: mlango unasuguliwa mkavu hadi mbao itoke, na vumbi laini linatua sakafuni, kwenye mkeka, kwenye ndoo ya maji isiyo na kifuniko. Mtoto anayetambaa hulizoa kwa viganja, kisha vidole mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya ule wa mtu mzima, na zaidi ya hapo akipungukiwa madini ya chuma au kalisi, kwa kuwa utumbo huidhania risasi kuwa ndiyo madini hayo. Ikishaingia kwenye damu huufikia ubongo unaokua na kudhoofisha uwezo wa kujifunza. Nyingine hujificha kwenye mifupa kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kinga kubwa ni maji, na gharama yake ni ndogo. Mlango hulowanishwa kwanza, ukasuguliwa kwa msasa wa maji, chini kukiwa kumetandikwa nailoni, watoto na mjamzito wakiwa kwa jirani tangu asubuhi. Kuibabua rangi kwa moto wa gesi, njia ya fundi mwenye haraka, huigeuza risasi kuwa moshi. Ufagio mkavu nao huliamsha vumbi lililokwisha kutua. Kitambaa kibichi chenye sabuni hulikamata. Nguo za fundi hufuliwa peke yake, maana huko kwake nako kuna watoto.

 

Kinachosahaulika ni mlango wenyewe ukishang'olewa. Mara nyingi hupasuliwa kuni. Rangi inaungua, risasi inabaki kwenye majivu, na majivu hayohayo kesho yake yanatumiwa kusugulia masufuria.