Majina 76 Ukutani: Orodha ya Wafalme ya Abydos

Kusini mwa Misri, upande wa magharibi wa mto Naili, pana mahali paitwapo Abydos. Hapo ndipo walipozikwa wafalme wa mwanzo wa nchi hiyo, na hapo ndipo Wamisri wa kale waliposadiki kuwa lilikuwapo kaburi la Osiris, mungu wa wafu. Mfalme Seti wa Kwanza, aliyeanza kutawala yapata mwaka 1290 K.K., alijenga huko hekalu kubwa la mawe ya chokaa. Katika ukuta wa ujia mmoja wa hekalu hilo mafundi wake walichonga majina ya wafalme 76, kuanzia yule aliyehesabiwa kuwa wa kwanza hadi Seti mwenyewe.

Orodha hiyo ingalipo, na imekuwa mojawapo ya nguzo za elimu ya historia ya Misri. Hata hivyo, mwanafunzi aisomaye bila hadhari atapotoka, kwa sababu watu kadhaa waliotawala Misri kwa hakika hawamo. Tutaeleza hapa jinsi pengo hilo lilivyotokea na jinsi wataalamu walivyoligundua.

Mpango wa maandishi

Katika mchoro huo Seti anaonekana akishika chetezo cha ubani. Pamoja naye yupo mwanawe, ambaye baadaye alikuwa Ramesses wa Pili, naye ameshika hati ya mafunjo kama mtu asomaye kwa sauti. Majina yamepangwa katika safu tatu. Safu mbili za juu zina majina 38 kila moja. Ya tatu inarudia tu majina ya Seti. Kila jina limezungushiwa mstari wa mviringo uliorefuka, mfano wa kamba iliyofungwa ncha zake. Alama hiyo, iitwayo kartushi, ilikuwa ya majina ya kifalme. Ndiyo iliyomsaidia Mfaransa Jean-François Champollion, ambaye mwaka 1822 alitangaza jinsi ya kuyasoma maandishi ya picha ya Misri, kwani alianza kwa kulinganisha majina yaliyomo ndani ya kartushi.

Jina la kwanza ni Meni, ambaye Wagiriki walimwita Menes. Mapokeo yanasema kuwa ndiye aliyeunganisha Misri ya Juu na Misri ya Chini kuwa dola moja, jambo lililotukia yapata mwaka 3100 K.K. Kwa hiyo ukuta huo mmoja unakusanya muda wa karibu miaka 1,800.

Shabaha ya orodha

Seti hakukusudia kuandika historia. Maandishi yanayoambatana na majina hayo yanaeleza sadaka: mikate, bia, ng'ombe, mabata bukini na ubani, vyote kwa maelfu, vikitolewa na Seti kwa wafalme waliomtangulia. Katika imani ya Wamisri, kulitaja jina la marehemu kulikuwa kumpa uhai huko aliko. Asiyetajwa hakupata fungu lake.

Tena palikuwa na sababu ya kisiasa. Seti hakuwa wa damu ya wafalme wa zamani. Baba yake, Ramesses wa Kwanza, alikuwa mwanajeshi aliyepandishwa cheo na mfalme Horemheb, akarithi kiti chake. Kwa kuliweka jina lake mwishoni mwa mnyororo uliotoka kwa Meni, Seti aliwaonyesha watu kuwa yeye ni mrithi halali. Mnyororo wa namna hiyo haukutakiwa kuwa na kiungo chenye kutia aibu.

Wasiotajwa

Jina la 65 ni la Amenemhat wa Nne, na la 66 ni la Ahmose. Jicho hupita kutoka moja hadi jingine mara moja, lakini kati ya watawala hao wawili ilipita miaka zaidi ya 200. Katika kipindi hicho Misri iligawanyika, na sehemu ya kaskazini ikatawaliwa na Wahyksos, watu wenye asili ya Asia. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa.

Vivyo hivyo ameachwa Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama mfalme kwa muda wa miaka 20 hivi.

Jina la 73 ni la Amenhotep wa Tatu, na la 74 ni la Horemheb. Hapo imerukwa miaka ipatayo 30. Aliyemrithi Amenhotep alikuwa mwanawe Akhenaten, ambaye aliiacha miungu ya kale, akaitukuza Aten, yaani sahani ya jua, na kujenga mji mkuu mpya mahali paitwapo leo Amarna. Yeye na waliomfuata, akiwamo Tutankhamun, waliondolewa katika orodha.

Ushahidi mwingine

Kama tungekuwa na ukuta wa Abydos peke yake, tungeamini kuwa watu hao hawakuwako. Lakini ardhi ilitunza yale ambayo ukuta uliyaficha. Hekalu la Hatshepsut lingalisimama huko Deir el-Bahri, na kuta zake zinaonyesha merikebu alizozituma nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Huko Amarna vilipatikana vibao vya udongo zaidi ya 300, na baadhi yake ni barua ambazo wafalme wa Babeli na nchi nyingine walimwandikia Akhenaten. Mwaka 1922 Howard Carter alilivumbua kaburi la Tutankhamun, na mfalme aliyenyimwa nafasi ukutani akawa mashuhuri kuliko karibu wote waliopewa.

Fizikia nayo imetoa msaada. Mmea ulio hai hufyonza kaboni kutoka hewani, pamoja na kiasi kidogo cha kaboni-14, ambayo ni nururishi. Mmea ukifa, kaboni-14 iliyomo hupungua polepole, ikibaki nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa kupima kiasi kilichobaki, wataalamu huweza kukadiria umri wake. Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Christopher Bronk Ramsey wa Chuo Kikuu cha Oxford lilitangaza matokeo ya kupima sampuli zaidi ya 200 za mimea ya Misri ya kale, kama vile mbegu, vikapu na nguo za kitani. Mwanzo wa Dola Mpya, enzi iliyoanza na Ahmose, ulionekana kuwa kati ya miaka 1570 na 1544 K.K. Kwa jumla matokeo hayo yalikubaliana na hesabu za wanahistoria.

Thamani iliyobaki

Isidhaniwe kwamba orodha ya Abydos haina faida. Majina kadhaa ya wafalme wa nasaba ya saba na ya nane hayapatikani popote ila katika ukuta huo. Hati ile ile iliyomficha Hatshepsut ndiyo iliyowaokoa wafalme hao wasisahauliwe kabisa. Kwa hiyo mtafiti haitupi hati kwa kuwa ina upungufu, wala haipokei kwa kuwa imechongwa katika jiwe. Huuliza ni nani aliyeiandika, kwa ajili ya nani, na ni nani aliyeachwa nje.

Mwalimu aweza kuwazoeza wanafunzi maswali hayo kwa kutumia ubao wa majina ya wakuu wa shule au ya viranja, ulioko katika shule nyingi. Wayalinganishe majina hayo na picha za zamani, kumbukumbu za mikutano na maelezo ya wazee waliosoma hapo. Wakikuta jina lililorukwa, watakuwa wamefanya kazi ile ile iliyowafikisha wataalamu kwa Hatshepsut na Akhenaten.