Radi ya Ufipa haitumwi na mtu

Mwenyeji wa Sumbawanga akijitambulisha Dar es Salaam au Mwanza, ni nadra kuulizwa habari za mahindi au za barabara ya Tunduma. Anaulizwa kama ni kweli kwao radi inauzwa, na bei yake ni kiasi gani. Swali hilo limechosha, hasa kwa kuwa wanaolirudia ni watu waliosoma, wenye ramani ya nchi nzima kwenye simu zao. Jibu ni hapana. Hakuna anayeiuza wala anayeituma, na aliyelipa achanjwe chale au azindikiwe nyumba ametupa fedha yake.

Ramani hiyohiyo ingewatosha. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi. Mashariki, chini ya kingo za Lyamba lya Mfipa, kuna bonde la joto la Ziwa Rukwa, nalo liko karibu mita 800 tu. Uwanda wa Ufipa, ulipo mji huo, umeinuka katikati ya mabonde hayo mawili. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, hewa yenye unyevu hupata joto, hupanda kingo hizo, hupoa na kujenga mawingu yanayofika kilomita nyingi angani. Humo chembe za barafu hugongana, chaji hutengana, na umeme ukizidi hutafuta njia ya kushuka. Chini unakuta nyasi na mashamba, miti michache. Mkulima anayeinua matuta ya ntumba, au mchungaji nyuma ya ng'ombe wake, mara nyingi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka.

Wala Ufipa haiongozi duniani kwa radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka mbele Ziwa Maracaibo, Venezuela, kwa wastani wa miali 233 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa Afrika, ilikwenda Kabare, mashariki ya Kongo. Maracaibo nako ni ziwa la maji ya uvuguvugu lililopakana na milima.

Ukiyaeleza hayo, unaletewa "ushahidi". Radi ilipiga jua likiwaka, kwa hiyo ilitumwa! Mwali unaweza kutoka ubavuni mwa wingu na kutua zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha; aliyepigwa hakuliona wingu, lakini lilikuwepo. Ng'ombe walikufa, mchungaji akapona, kwa hiyo mali yake ndiyo iliyolengwa! Umeme ukishatua husambaa ardhini, na kadiri miguu inavyoachana ndivyo unavyopita mwilini kwa nguvu. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, na kati yake kuna moyo. Nyumba moja ilipigwa mara mbili, kwa hiyo kuna kisasi! Nyumba iliyo peke yake kilimani ilikuwa ndefu mara ya kwanza na bado ni ndefu mara ya pili. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Uganda. Watoto 18 walikuwa na ugomvi gani na nani?

Imani hii si porojo ya kupuuzwa, kwa sababu kila anayeamini radi imetumwa humtafuta aliyeituma. Anayeonyeshwa kidole ni bibi kizee, mara nyingi mjane, mwenye macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi. Mganga anayetamba kwamba anarusha radi angepaswa kukamatwa na polisi, si kuogopwa.

Kinachosaidia ni hiki. Ukisikia ngurumo, acha jembe, ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti, usisimame mlangoni, usioge, usishike simu iliyo kwenye chaji. Mkiwa wazi uwandani, tawanyikeni, shukeni kutoka kilimani. Shule na makanisa yawekewe kinga: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba hadi ardhini, na fundi anayeikagua. Shaba ikiibwa, kinga haipo. Na aliyepigwa ashikwe mara moja, kwani mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, aanze kukandamizwa kifua huku akipuliziwa pumzi, bila kukoma, mpaka gari la kumpeleka hospitali lifike.